Kibati cha Kuazima

Fundi cherehani hakuwa mtu wa kukwepa sheria. Kila mwaka mbwa wake alichanjwa kichaa cha mbwa na kuvalishwa kibati chenye namba. Mdogo wake wa kiume, yeye chanjo aliipiga danadana, mpaka aliposikia wakaguzi wanapita mtaani wakikamata mbwa wasio na kibati.

"Dada, niazime cha kwako, siku moja tu."

Akamvua mbwa wake kibati, akampa. Kumnyima ndugu angeanzia wapi?

Wakaguzi wakapita, kibati kikabaki mfukoni mwa mdogo mtu. Wiki hiyohiyo mbwa wake akamng'ata mkono, kisha mbwa huyo akatoroka. Hospitalini nesi aliuliza kama mbwa amechanjwa. Kwa kuogopa faini, akatoa kibati. Namba ikatafutwa kwenye daftari, ikaonekana. Jeraha likaoshwa, likafungwa, akaambiwa aende nyumbani.

Alipokirudisha, mkono una bandeji, alicheka. "Kimeniokoa mara mbili." Dada mtu naye akacheka.

Mwezi umepita. Leo wifi yake amempigia simu akilia: mumewe ana kiu tangu jana, lakini akisogezewa kikombe cha maji koo linakaza, anakisukuma kwa hofu.

Fundi amekimbia hospitali, tepu ya kupimia ingali shingoni, akamwangukia nesi miguuni. "Ile namba ilikuwa ya mbwa wangu. Wake hajachanjwa. Nakuja naye, mchomeni sindano sasa hivi."

Nesi ameweka kalamu chini.

"Sindano ilikuwa ya siku ile, mama," amesema, bila kumtazama usoni.