Mkeka Mlangoni mwa Polisi

Saa kumi na mbili asubuhi, ng'ambo ya barabara kutoka kituo cha polisi, Taligi Paulo anageuza panikeke kwenye sufuria ya mafuta. Maandazi yenyewe, ya duara na ya ndizi mbivu, yamejaa beseni hadi yanataka kumwagika. Konstebo Alapati anavuka barabara, kofia kwapani, sarafu tayari kiganjani.

"Habari za asubuhi, mama. Nipe sita na kikombe kimoja cha koko."

"Zimeisha."

Konstebo anatazama beseni. Wateja nao wanatazama beseni. Mzee mmoja aliyejaza mdomo anacheka hadi anapaliwa.

"Mama, si hizo hapo?"

"Hizo ni za watu."

Alapati anarudi alikotoka mikono mitupu. Taligi anatia kijiko cha unga kwenye mafuta kwa nguvu, na mafuta yanaruka.

Ana miaka arobaini na saba, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimalizia kwenye kibanda hiki. Polisi ndio waliokuwa wateja wake wakubwa. Aliwaita wanangu, akawawekea koko ya moto wakitoka zamu, akawashonea vifungo vilivyokatika. Siku hizi anapata karibu tala sabini kwa siku, nusu ya alizokuwa akipata, na kwa hizo analisha nyumba mbili. Ukimwambia angewauzia tu, biashara ni biashara, utajuta kuuliza.

"Niwauzie?" anasema. "Mkono uliomng'oa mdogo wangu meno ndio niutilie andazi? We mwandishi una akili timamu kweli?"

Mdogo wake ni Kirisome, mkulima wa magimbi wa kijiji cha Vaimalu. Jioni moja ya mwezi wa tano alikuwa amebeba nguruwe aliyeokwa begani, juu ya ubao, kafunikwa turubai, anampeleka kwenye msiba wa shangazi yao. Mawe ya tanuri yalichelewa kushika moto, kwa hiyo akajikuta barabarani saa ya sala, wakati kila mtu yuko ndani na hakuna anayeruhusiwa kutembea.

"Hilo kosa ni langu, sikatai," anasema Kirisome, na maneno yanatoka na upepo kwenye pengo la meno. "Faini ya kutembea saa ya sala naijua, ni katoni ya samaki wa kopo. Ningelipa, basi."

Mchana wa siku hiyo mwongoza kwaya alikuwa ameripoti kwamba kinanda cha kanisa kimeibwa. Polisi wakaja na gari, wakaona mtu peke yake barabarani na mzigo mrefu chini ya turubai. Hawakufunua. Hawakuuliza. Konstebo Alapati alimpiga rungu la mdomo, Kirisome akaanguka, na nguruwe akabingirika hadi katikati ya njia.

"Nguruwe kalala pale miguu juu, kaiva vizuri, anawaangalia," anasema Taligi. "Na bado wanamuuliza mdogo wangu kinanda kiko wapi! Sasa nguruwe anapigwa nyimbo?"

Watu walicheka hapo kibandani, na yeye pia alicheka kidogo, kisha akafuta macho kwa mgongo wa mkono wake wenye unga. Walimtia Kirisome pingu wakampitisha kijiji kizima, taratibu, watu wakiwa ndio wanatoka kwenye sala. Watoto wake wawili walikuwa wamesimama mlangoni. Nguruwe aliliwa na mbwa, na familia ikaenda msibani bila kitu.

Usiku haujapita baraza la wazee likakaa na kumfukuza Kirisome kijijini, yeye na mkewe na watoto, kwa wizi wa mali ya kanisa.

Wiki mbili baadaye kinanda kikaonekana. Kilikuwa kwa fundi mjini Apia. Mke wa mchungaji alikuwa amekipeleka kutengenezwa, akasahau kumwambia mtu. Hakukuwa na mwizi kwa sababu hakukuwa na wizi.

Mke huyo wa mchungaji alisimama kanisani Jumapili, akalia mbele ya watu wote, akasema kosa ni lake. Kisha akaenda mjini kwa miguu yake hadi kwenye stoo ya binamu anakolala Kirisome na familia yake, akampigia magoti. Leo hii, anasema Taligi, ndiye aliyekabidhiwa funguo za kanisa.

"Amekosa, amesema, tumemaliza. Nani amemdharau? Hakuna!"

Na polisi? Polisi walimtoa Kirisome kwa mlango wa nyuma, bila neno.

Taligi alikwenda kwa wazee wa Vaimalu kuomba mdogo wake arudi. Msemaji wa baraza akamjibu kwamba walimfukuza kwa kuona pingu za polisi, hivyo polisi waje wenyewe waseme walikosea, ndipo baraza lilegeze. Wazee wazima, kinanda kinapigwa masikioni mwao kila Jumapili, wanasubiri kuambiwa na serikali kwamba hakijaibwa. Mwandishi wa habari hii ni mtu wa pande hizo hizo na anaona haya kuyaandika.

Akaenda kituoni. Mkuu wa kituo, Inspekta Moli, alimpa kiti na hakumpa kitu kingine. Mama yake Alapati alikuwa tayari kuja na mkeka wake wa heshima kumwombea mwanawe radhi, kama inavyotakiwa, lakini mkuu alimzuia, eti itakuwa ni kukiri.

Nilimuuliza Inspekta Moli mwenyewe. Hakumung'unya maneno.

"Tukiomba radhi kwa kila kosa dogo, kesho kila mlevi atataka tumpigie magoti. Raia watatuaminije?"

"Meno manne ni kosa dogo, afande?"

"Andika kwamba mtuhumiwa aliachiwa huru. Inatosha."

Nilipompelekea Taligi majibu hayo, alivua aproni. "Kumbe hawajui kuomba radhi," alisema. "Nitawaonyesha inavyofanywa."

Jumatatu iliyofuata, polisi wakiwa wanapandisha bendera, alivuka barabara na mkeka laini wa heshima alioachiwa na mama yake, ule unaotolewa kwenye harusi na mazishi tu. Akaketi chini, pale gari la kituo linapotokea, akajifunika nao gubigubi. Kwetu, anayekaa hivyo mlangoni mwa mwenzake ni mkosaji, na aliyekosewa akiufunua mkeka, amesamehe.

Polisi walisahau bendera ikiwa nusu mlingoti. Wakifunua, wamepokea radhi ya mtu waliyemkosea wao. Wasipofunua, wamemwacha mwanamke chini ya mkeka juani, jambo ambalo hata mlevi aliyelala mahabusu asingelifanya. Wakaanza kupita kwa nyuma, kwenye migomba, mmoja mmoja, viatu vimejaa matope.

"Mfunueni basi!" alipiga kelele muuza samaki. "Rungu mnaweza, mkeka hamuwezi?"

Saa nne umati ulikuwa umefika barabarani. Inspekta Moli alichuchumaa, akanong'ona kama mtu anayebembeleza mtoto mgonjwa.

"Dada Taligi, inuka tuzungumze ndani. Unatuaibisha."

"Mdogo wangu mlimwaibishia nje," ilijibu sauti chini ya mkeka.

Karibu na adhuhuri simu iliita kituoni, ajali barabara ya juu, gari linahitajika. Mkuu alitoka mbio, akaushika mkeka kwa mkono mmoja na kuuvuta kama anayeanua nguo mvua ikija.

Taligi alisimama, jasho linamchuruzika, nywele zimemganda usoni.

"Ahsante, mkuu, umenisamehe," alisema kwa sauti iliyofika hadi sokoni. "Sasa waambie watu hawa. Nilikukosea nini?"

Inspekta Moli alisimama na mkeka mkononi. Alimtazama Alapati, naye Alapati alikuwa anatazama viatu vyake. Hatimaye akaukunja mkeka, vibaya, akampa mwenyewe, akapanda gari.

Jibu halijatoka mpaka leo. Kirisome bado analala stoo, na watoto wake wanasoma shule ambayo hawaijui.

Lakini wanawake wanane wa kamati ya kina mama ya Vaimalu wamekuja kibandani kumuuliza Taligi siku ya kwenda kuketi kituoni. Kila mmoja ana mkeka wake, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwakosea polisi.

"Nimewaambia Jumatatu," anasema Taligi. "Tuone mkuu atawasamehe wangapi."