Anayebisha hodi kuomba ubongo wa marehemu

Kumekucha, na ukungu bado umelala juu ya mabwawa ya samaki. Nelfa Deocampo anapita juu ya tuta jembamba linalotenganisha bwawa na bwawa, viatu vyake mkononi, kikapu begani. Mvua ya jana imelifanya tuta liteleze kama sabuni. Anatembea taratibu, vidole vya miguu vikishika udongo.

Nyumba anayoiendea iko mwisho wa tuta. Kabla hajaifikia, anasikia mkoromo mzito wa mtu anayehangaika kumeza.

"Nimekuja, Toto," anapaza sauti. "Usinimalizie kahawa."

Anayeitwa Toto ni mtu mzima wa miaka arobaini na minne. Jina lake Crispulo, na ndiye fundi seremala aliyetengeneza vitanda vingi vya kijiji hiki. Ameketi kwenye sakafu ya mianzi, mgongo ukutani. Shingo imevutwa nyuma na kinywa kiko wazi, kwa sababu misuli ya taya yake inakifungua kinywa hicho bila kumuuliza mwenyewe. Pembeni mwa meno amebana kijiti. Akiking'ata, taya hutulia kidogo, na hapo ndipo mkewe, Delsa, huwahi kumpa kijiko cha uji wa mchele uliochanganywa na samaki wa kupondwa.

"Manang," Crispulo anamwambia, akimwita kama dada yake mkubwa, maneno yakitoka yamekunjamana. "Umenenepa."

"Na wewe umekonda. Ndiyo maana nimekuja, tugawane."

Crispulo anacheka, na kicheko kinamkaba. Wanawake wawili wanamwinamisha mbele haraka, Nelfa akimpigapiga mgongoni mpaka pumzi irudi. Hakuna anayecheka tena.

Hapa kisiwani Panay ugonjwa huu unaitwa lubag, yaani kusokotwa. Ni ndugu wa karibu wa Parkinson, ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa. Huwashika karibu wanaume peke yao, tena wakiwa katika umri wa kulea watoto. Mguu huanza kupinda ndani, au shingo, au ulimi. Miaka ikipita, msokoto hulegea na mwili hukakamaa, hatua zikawa fupi na uso ukaganda. Tiba ya kuuondoa bado haijapatikana.

Nelfa, mwenye miaka hamsini na mitatu, ni mhudumu wa kliniki ndogo ya utafiti mjini. Huwazungukia wagonjwa majumbani, akawapima uzito, akawafundisha wake zao namna ya kulisha bila kupaliwa, akawapeleka wengine kwa daktari. Posho yake inatosha mchele na nauli. Siku asizozunguka, hukaa sokoni na kisu kifupi akifungua chaza, kazi aliyoianza akiwa msichana.

Lakini sehemu nzito ya kazi yake ni ile iliyomleta leo. Amekuja kuomba kwamba Crispulo atakapokufa, familia ikubali ubongo wake utolewe na kukabidhiwa watafiti. Damu huwaonyesha mgonjwa alirithi nini. Kuona kilichoharibika, na kilianzia wapi, lazima waufikie ubongo wenyewe.

"Hili neno silizoei," Nelfa anasema. "Unaingia nyumba ya watu, wanakupa kahawa, halafu unawaomba kichwa cha baba yao. Mzee mmoja aliwahi kunifukuza na mbwa. Sikumlaumu. Nami nilikwenda hivyo hivyo, sina hata maneno mazuri."

Delsa anafuta kidevu cha mumewe kwa taulo. Nelfa amekwisha kulitoa ombi lake.

"Manang, nikuulize," anasema. "Wewe kwenu ulimtoa nani?"

"Wilmar. Mdogo wangu."

"Na mama yenu alikubali?"

Nelfa anaweka kikombe chini.

Mama yake anaitwa Consorcia, na kijiji kizima humwita Nanay Consor, yaani Mama Consor. Alizaa watoto watatu. Mkubwa, Gerardo, alikuwa mvuvi wa kaa. Alianza kukokota mguu, akadhaniwa amelewa. Kisha ulimi ukawa unamtoka wenyewe na mate yakimtiririka, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba katika nyumba ile yuko aswang, mchawi alaye watu. Watoto walikatazwa kupita mbele ya ua wao. Usiku mawe yalirushwa kwenye bati.

"Walimsengenya mama, si Gerardo," Nelfa anakumbuka. "Maana kaka yake mama alikufa hivyo hivyo, na mjomba wake pia. Watu walijumlisha. Walisema mama anawala wanaume wa kwao mmoja mmoja."

Gerardo alikufa kwa njaa huku chakula kipo mezani, maana hakuweza kukimeza. Mazishini walikuja watu wachache.

Miaka michache baadaye Wilmar, fundi wa pikipiki, alikwenda kucheza mpira wa kikapu akarudi anachechemea. Nelfa aliutazama ule mguu unavyojipinda kwa ndani akajua. Hakumwambia mtu. Alikwenda nyuma ya nyumba akakaa kwenye gogo la kuchanjia kuni mpaka Wilmar mwenyewe alipomfuata.

"Manang, ni ile ya kaka Gerardo, sivyo?"

"Sijui."

"Unajua. Wewe hujawahi kujua kudanganya."

Wakati huo kliniki ilikuwa imefunguliwa mjini. Nelfa alimpeleka, na Nanay Consor akafuatana nao. Daktari Villaruz, mwanamke mtaratibu, aliwachora kwenye ubao: mama mwenye afya hubeba jeni ya ugonjwa bila kuumwa, na kila mtoto anayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipokea. Wa kiume akiipokea, ugonjwa humshika. Wa kike huibeba kama alivyobeba mama yake. Uchawi haumo.

Daktari alidhani amewatua mzigo. Nanay Consor aliutazama ule mchoro, akauliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo ni mimi?"

"Si kosa lako, Nanay. Hukujua."

"Sikuuliza kama ni kosa. Nimeuliza kama ni mimi."

Daktari akajibu kwamba ndiyo, ilipitia kwake. Tangu siku hiyo, kwa wiki nyingi, mzee yule alikataa kula meza moja na Wilmar. Wilmar ndiye aliyekwenda na sahani yake jikoni, akakaa chini karibu naye. "Nay," akamwambia, "macho haya pia nimeyapata kwako, na wasichana waliyapenda. Sikudai chochote. Kula."

Wilmar aliishi na lubag miaka kumi na miwili. Ndiye aliyemwingiza dada yake kazini, kwa sababu kila alipopelekwa kliniki, Nelfa ndiye aliyewatuliza wagonjwa wengine kwenye foleni, na Daktari Villaruz akaliona hilo. Na ndiye aliyeamua, akiwa bado anaweza kuandika jina lake, kwamba akifa wachukue ubongo wake.

Siku alipofariki kwa homa ya mapafu, ilikuwa asubuhi ya joto kali. Kazi ile haingoji. Lazima ifanyike mapema, kabla joto halijauharibu ubongo. Nelfa alipiga simu kliniki. Gari lilipofika, Nanay Consor alikuwa ameketi mlangoni, miguu ameinyoosha, amekiziba kizingiti.

"Mwanangu atazikwa mzima," alisema.

"Ni yeye aliyetaka, Nay. Ulimsikia."

"Nilimsikia. Wewe mwanangu umekwenda nyumba ngapi kuwaambia watu hivyo? Leo umefika kwako. Sasa niambie kama binti yangu, usiniambie kama mtu wa kliniki."

Nelfa anasema maneno yote aliyozoea kuyatumia kwa watu yalimkimbia. Alikaa chini pale mlangoni kando ya mama yake. Watu wa gari walingoja juani, kofia mikononi.

"Nilimwambia kweli," anasimulia. "Nilimwambia, Nay, na mimi sitaki. Naona kama wanamchukua mara ya pili. Lakini yeye alikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki ambacho ugonjwa haukumnyang'anya, nacho ni kuamua. Nikimkatalia hicho, nitakuwa nimemsokota na mimi."

Mama yao aliikunja miguu yake. Halafu aliuliza, "Watamrudisha leo?"

"Kabla ya jua kuchwa."

"Basi nimuoshe kichwa mwenyewe kwanza."

Alimuosha kwa maji ya majani ya mlimau, akamchana nywele, kisha akaviondoa viti ili machela ipite. Jioni mwili uliporudi na kulazwa jenezani, Nanay Consor alipitisha kiganja nyuma ya kichwa cha mwanawe, akapapasa mahali paliposhonwa. Waliokuja matangani walikuwa wameanza kucheza karata na kunywa kahawa, wakanyamaza wote kumtazama.

"Wameshona vizuri," alisema. "Haya, endeleeni kucheza. Alipenda kelele."

Safari hii watu walikuja wengi, hata walioacha kupita mbele ya ua enzi za Gerardo. Nelfa aliwamiminia kahawa wote.

Katika nyumba ya mwisho wa tuta, Delsa amemsikiliza bila kumkatiza. Anamgeukia mumewe, kwa sababu kichwa kinachozungumziwa ni chake. Crispulo anakitoa kijiti mdomoni. Inamchukua muda kuyapanga maneno.

"Mlango ukigoma," anasema, "huupigi mateke. Unaufungua bawaba, unaangalia." Anavuta pumzi. "Waangalie."

Delsa analia, lakini anaitikia kwa kichwa. Nelfa hawaharakishi. Anawaambia atarudi na daktari wazungumze tena, na kwamba wana ruhusa ya kubadili mawazo saa yoyote, hata siku yenyewe. Kisha anaosha sufuria ya uji, ingawa Delsa anamkataza.

Kuna mlango mmoja ambao Nelfa hajabisha hodi kwa miaka yote hii. Yeye ni binti wa Nanay Consor, na hajawahi kupimwa. Ana mtoto mmoja wa kiume, Jomar, wa miaka ishirini na saba, mwendesha winchi bandarini. Kama Nelfa hana ile jeni, Jomar yuko salama. Kama anayo, kijana anabaki na nusu kwa nusu.

Walipolizungumza mara ya kwanza, Jomar alikataa. "Ukipimwa wewe, Nay, mimi pia nimepimwa. Hata usiponiambia, nitaisoma usoni mwako ukiweka wali mezani."

Mama yake akaliacha. Anasema wengi anaowajua wamechagua kutojua, na hawakukosea.

Mwezi uliopita Jomar alikuja nyumbani na Analyn, mwalimu wa chekechea ambaye Jomar anataka kumuoa. Alikuwa amekwisha kumweleza kila kitu kuhusu wajomba zake. Analyn ndiye aliyeanza.

"Mama, mimi sikuja kuuliza kama ataugua. Nikikubali, nimekubali. Nataka tu twende wote, asiende mtu peke yake."

"Na wewe?" Nelfa akamuuliza mwanawe.

"Mimi naogopa, Nay. Lakini nimechoka kutazama miguu yangu kila ninapopanda ngazi ya winchi."

Wamekubaliana kwenda baada ya sikukuu ya wafu, wakishasafisha makaburi ya Gerardo na Wilmar. Nelfa atatoa damu kwanza. Daktari Villaruz amewatengea asubuhi nzima, pamoja na mshauri atakayekaa nao kabla na baada ya majibu. Nanay Consor, ambaye sasa ana miaka themanini na mmoja, amesema naye atakuwepo, na hataki kubishiwa.

"Nikiambiwa sina, nitalia," Nelfa anasema, akishika viatu vyake mkononi tena, tayari kulipita tuta. "Nikiambiwa ninayo, nitalia pia. Kesho yake nitakwenda kwa wagonjwa wangu. Watakuwa wananingoja."