Bendi Yetu ya Kelele na Sungusungu wa Ihanja

Aibu hii nimeibeba kimya miaka mingi, na hata tulipomzika rafiki yangu Yona mwaka jana, watu wakisimama mmoja mmoja kueleza wema wake, mimi nilibaki nimeinama nikiangalia viatu vyangu, si kwa huzuni tu (huzuni ilikuwepo), bali kwa sababu kila nilichokikumbuka juu yake kilinichekesha, na kucheka msibani haifai. Basi acheni nicheke hapa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa minadani na redio kaseti zimeanza kufika hadi kwetu Ihanja. Yona alinunua koti mnadani, limepasuka kwapani, na kwenye mfuko wa ndani akakuta kaseti isiyo na jina. Tulipoiweka tukadhani redio imeharibika: ngoma zinakimbizana, gitaa linanguruma kama mashine ya kusaga, na mtu anapiga kelele kama anang'olewa jino, halafu wimbo unakwisha hujakaa sawa. Tukabadilisha betri. Ikawa vilevile.

"Jamani," akasema Hamisi, mwenzetu wa tatu, "hawa wamekusudia."

Tukaipenda kufa, tukaunda bendi. Yona akachonga gitaa kwa ubao wa mninga, nyuzi akazitoa kwenye waya za breki za baiskeli, kazi iliyomla kiangazi kizima. Hamisi akashika pipa na debe. Mimi, kwa kuwa sikuweza kupiga chochote, nikapewa kuimba, yaani kupiga kelele kwenye bati nililolikunja kama pembe. Tulinyoa panki, nywele zikabaki ukanda mmoja katikati ya kichwa, tukawa tunarukaruka na kugongana mabega hadi tunaanguka, na niwaambie ukweli, furaha ya namna ile sijaipata tena.

Mama yake Hamisi akatufukuza uani kwake, akisema kuku wameacha kutaga. Ndipo mimi (mimi, si mwingine) nikasema, "Twendeni kule kwenye mawe, hakuna mtu wa kumsumbua."

Sikufikiri kwamba mawe makubwa vile hurudisha sauti na kuitupa mbali. Na miaka hiyo wezi wa ng'ombe walikuwa wakisumbua, na kwetu ukisikia yowe unalipokea kwa kupiga la kwako ili wa mbele nao wasikie, kisha unakamata silaha na kukimbia. Ukibaki nyumbani unatozwa faini. Ukipiga yowe la uongo ndiyo balaa lenyewe.

Tukaanza na wimbo wetu wa kupinga michango ya shule. Nilipiga kelele hadi nikaona nyota. Tulipopumzika kidogo tukasikia yowe upande wa mtoni, likapokelewa na jingine, na jingine tena kule kijiji cha jirani.

"Wezi!" akasema Hamisi.

Yona akaegemeza gitaa kwenye jiwe, mimi nikaokota fimbo, tukatimua mbio kama vijana wema. Njiani tukakutana na kundi zima la wanaume, wana marungu na pinde, mmoja bado ana povu la sabuni kidevuni.

"Wako wapi?" nikauliza.

"Kwenye mawe!"

"Twendeni!" nikapaza sauti, nikageuka, nikawa mbele (mbele kabisa!), tena nawahimiza watu wazima, "Kazeni mwendo!" Tulipofika katikati ya njia miguu ikaanza kupoa, maana akili nayo ilikuwa imeanza kufika: mawe ni yale yale, sisi tumetoka pale pale, na wezi hatukuwaona.

"Yona," nikanong'ona, "nadhani wezi ni sisi."

"Nyamaza ukimbie."

Tulipofika palikuwa na pipa, debe, bati langu na gitaa. Kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa kijiji, Mzee Njiku, akaliinua gitaa kama mtu aliyeshika nyoka aliyekufa.

"Hii mali ya nani?"

Ningeweza kunyamaza, lakini uongo haukai kinywani mwangu. "Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Nimeuliza ni ya nani."

"Ya Yona. Lakini kelele ni zangu."

Hapo pakawaka. Mmoja anasema faini, mwingine anasema viboko, wengi wanasema mali yote ichomwe moto, na kiberiti kikatolewa mfukoni. Yona, ambaye sikuwahi kumwona akilia, machozi yakamtoka. "Nichapeni mimi, wazee wangu," akasema, "ila gitaa liacheni."

Nikajitetea kwamba halikuwa yowe, ulikuwa wimbo.

"Wimbo?" akauliza Mzee Njiku. "Haya, imba. Tukisikia wimbo, mtalichukua gitaa lenu. Tukisikia yowe, linakwenda motoni."

Nikashika bati. Nikavuta pumzi. Nikawatazama wanaume wale wanaohema, na jasho lao, na marungu yao, nikafungua mdomo, na kilichotoka, jamani, ni mlio mwembamba kama wa mtoto wa mbwa aliyekanyagwa mkia. Nikarudia. Ukatoka mwembamba zaidi. Yule wa povu akaanza kucheka, akashika magoti, na wote wakafuata.

Mzee Njiku akajifuta macho. "Hili si yowe," akasema. "Wimbo pia silo. Mpeni kijana ubao wake."

Adhabu ikawa kuwatekea maji ya kunywa wote waliokimbia, na walikuwa wengi, wengine hata sijui walitokea kijiji gani. Sisi watatu ndoo kichwani, panki zimelowa, kila nikipita mtu ananiiga ule mlio. Nikamwomba Yona msamaha. Alikuwa na gitaa mgongoni, hakutaka kulitua hata kidogo, na uso wake uling'aa.

"Umeona walivyojaa?" akaniambia. "Bendi gani Singida nzima imewahi kupata watu namna hii?"

Yeye aliendelea kulipiga gitaa lile hadi waya zilipoliwa na kutu. Mimi niliapa palepale kisimani kwamba sitaimba tena mbele za watu, na kiapo nimekishika. Hata kanisani wimbo ukianza nachezesha midomo tu, na mke wangu anaamini nina sauti nzuri ila nina haya.