Mama Odile na mafuta ya miti ya pini

Leo nimetoa aksanti yenye nilikawia nayo tangu wakati wa Zaire!

Niko soko ya Dilala na binti yangu wa kwanza, njo namuona Mama Odile, ule alikuwaka anapima vitu mu laboratwari ya kazi yetu.

Mi nilikuwa soudeur, wa kuchomelea vyuma, mu fabrike ya shaba. Siku moja shefu alinituma kuchomelea bomba karibu na mapipa ya mafuta ya miti ya pini, yenye kutiwa mu maji ya mawe ya kusagwa ili povu ikamate shaba.

"Ni kama sabuni tu, haiwake," alisema.

Mama Odile, mwenye alikuwa pale kuchukua mafuta ya kupima, akakataa. "Tata, ngojea kwanza nipime."

Nilimukasirikia sana. (Semeni kweli, nani anapenda kungojeshwa?)

Akatia mafuta kidogo mu kikombe cha chuma, akaipasha polepole, akapitisha moto mudogo juu yake.

Ilikuwa haijachemka hata.

Fwaa! Ikawaka.

Tulihamisha mapipa yote, na kwa sababu ya haya nikarudi kwa kazi bila kumwambia aksanti.

Leo nimemwambia: "Mama, aksanti. Ile siku huyu binti yangu alikuwa angali mu tumbo ya mama yake."

Mama Odile akamushika binti mikono, akamuangalia kwa muda murefu.

"Kumbe njo weye ulikuwa mu ile tumbo?"