Hina Katika Nyumba ya Eda

Juzi kijana mmoja kaniletea gitaa karakanani kwangu, hapa Nguvumali. Gitaa la zamani, la mbao tupu, lile lisilojua umeme, limetobolewa na mguu wa kitanda wakati wa kuhama nyumba. Kabla hajamaliza kunieleza nikamwambia, "Liache. Njoo baada ya wiki mbili, halafu wewe mwenyewe unionyeshe palipokuwa na tundu." Akacheka, akidhani natania. Mimi kwenye kazi sitanii. Shule niliishia darasa la nne, na kuandika huku nimekunoa ukubwani kwa kusoma maandishi ya makopo ya rangi. Lakini toka Horohoro mpaka Bagamoyo, nitafutie mtu mwingine anayeweza kuunga mbao ya jana na mbao ya miaka hamsini, upitishe jicho, upitishe kidole, usijue zinakutania wapi. Wananifuata kutoka Mombasa. Kuna Mzungu aliyelipakia gitaa lake kwenye ndege kuja kwangu. Nimejenga nyumba mbili kwa kazi hii, wala sikurithi hata msumari.

Watu huniuliza nani alinifundisha. Nawajibu, nimejifundisha. Ni kweli kabisa. Ila juzi hiyo nilikuwa nakoroga hina kwenye kibakuli ili niipake ile mbao mpya, maana hina ni moja ya siri zangu, mke wangu akapita mlangoni akasema, "Mh! Kuna harusi humu?" Mkono wangu ukasimama. Harufu ile ilinibeba mzima mzima mpaka Moa, nyumbani kwa bibi, na nikaona bora nikuhadithie wewe, kwa sababu sijapata kumhadithia mtu.

Babu alikuwa amefariki. Bibi akawa ndani ya eda, miezi minne na siku kumi: hatoki, hajipambi, hatii wanja, hanukii manukato, na hina ndiyo kabisa haisogelei. Mimi nilikuwa na miaka kumi hivi. Baba akanileta kwa mkono, akaniambia mlangoni, "Utakaa na bibi yako. Akikutuma unakwenda na kurudi. Nisisikie umemwacha peke yake." Kwa hiyo eda ilikuwa ya bibi, lakini tuliikaa wawili.

Wewe hujui urefu wa siku mpaka ukae eda ukiwa na miaka kumi. Ua ulikuwa wa makuti, umesukwa ukaziba. Nyuma ya makuti watoto wenzangu wanacheza mpira wa matambara, nawasikia, namjua kila mmoja kwa sauti yake, na tundu la kuchungulia halizidi upana wa jicho. Kazi zangu zilikuwa kuteka maji, kuchambua kunde, kukalia mbuzi na kukuna nazi mpaka mkono unakufa ganzi. Redio ya babu ilitolewa betri. Mchana tunakula muhogo wa nazi, jioni chukuchuku ya samaki, kesho tena vivyo hivyo. Dirisha moja, jua linaingia upande huu, linatokea upande ule, na mimi nalihesabia hatua zake sakafuni.

Aliyekuwa akija bila kukosa ni dada yake babu, wifi yake bibi. Anakuja kila Ijumaa, anakaa mkekani, anakagua. Macho yake yanaanza kwenye kucha za bibi, yanapanda kwenye nguo, yanamalizia usoni. Bibi alikuwa akisema, "Mjane ana macho mawili, lakini anaangaliwa na arobaini."

Chumbani lilitundikwa gitaa la babu. Enzi zake alikuwa akilipiga kwenye kambi za mkonge siku za Jumamosi, na alikwisha kusema kuwa akifa lichukuliwe na baba mdogo, mwanawe anayeishi Mombasa. Rangi yake ilikuwa ya asali iliyokaa sana kwenye chupa. Bibi alilifuta vumbi kila asubuhi, kwa kanga, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso.

Basi mchana mmoja, bibi yuko kwenye swala chumba cha pili, mimi upweke ukanishinda. Nikapanda kigoda, nikaliteremsha, nikawa nagusa nyuzi bila kuzitoa sauti. Nikamsikia bibi anatoa salamu ya mwisho. Nikakurupuka kulirudisha, kigoda kikalala, na goti langu likaingia kwenye uso wa gitaa.

"Nini hicho?"

"Kigoda, bibi. Kimeanguka."

"Na wewe?"

"Mimi mzima."

Nililitundika limeugeukia ukuta, na kila asubuhi nikawa namwahi bibi, nalifuta vumbi mimi. Toka saa ile nilikuwa nimefungwa mara mbili, nje kwa makuti na ndani kwa tundu lile. Fimbo ya baba mdogo niliijua, na siku zake za kuja zilikuwa zinahesabika.

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo fundi alipozaliwa. Mbao ilikuwa imepasuka kwa kufuata nyuzi zake. Hiyo ilikuwa bahati. Vipande vingi vilirudi mahali pake kama meno. Kimoja tu, cha upana wa vidole viwili, kilisagika. Bibi aliponituma dukani nikapita nyuma ya seremala, nikaiba kibanzi chembamba na gundi kidogo ndani ya kifuu. Nikakisugua kibanzi kwa jani la msasa mpaka kikakaa. Lakini kikakaa kinang'aa! Cheupe kama nazi, katikati ya ule uzee wa asali. Hata kipofu angekiona.

Nikajaribu chai ya rangi, kikawa kama maji ya kuoshea vyombo. Nikajaribu kahawa, kikatoka madoa. Siku tatu nazunguka na kile kibanzi mfukoni. Ndipo nikaziangalia kucha za bibi. Alipaka hina kwenye harusi kabla babu hajaugua, na nchani ilikuwa bado imebaki, imefifia, na wallahi ilikuwa rangi ile ile ya gitaa. Kopo la hina lilikuwa juu ya kabati, limekaa bure. Nikakoroga na chai na ndimu, mkono nimeuvisha mfuko wa nailoni usije ukaniumbua. Nikapaka, nikafuta, nikapaka tena, huku nikikitazama kwenye mwanga wa dirisha, kwa sababu mwanga wa koroboi ni mwongo. Kilipokolea nikakigundisha. Nikachora mistari ya mbao kwa masizi na mwiba. Mikwaruzo ya kucha za babu iliyokatikia ukingoni nikaiendeleza kwa wembe, mmoja mmoja, mpaka ng'ambo. Halafu nikasugua kwa mafuta ya pua yangu mwenyewe. Kwa ndani nikabandika kitambaa, na humo babu alikwishabandika vitambaa vyake chungu nzima. Nilipomaliza nikarudi nyuma hatua moja, nikalitafuta tundu, nikalikosa. Miaka kumi! Hebu niambie nani mwingine.

Kosa langu lilikuwa moja. Hina inanuka, na mimi nilikwisha kuizoea. Kesho yake ilikuwa Ijumaa.

Wifi aliingia, akasimama mlangoni, pua juu. Alikuja na wanawake wawili wa mtaani.

"Wifi," alisema polepole, "mwenzetu uko eda au uko fungate?"

Bibi akashangaa. "Una maana gani?"

"Naisikia hina."

"Hata mimi naisikia toka jana. Sijaipaka."

"Basi imejipaka."

Akaingia chumbani bila hodi. Akashusha kopo, akalitikisa, limepungua nusu. Akainama uvunguni, akatoka na kibakuli changu, hina bado mbichi. Akamshika bibi mkono, akazigeuza kucha kwenye mwanga. "Na hii?"

"Hii ya zamani, wifi. Unaijua. Tulipaka pamoja."

"Ya zamani haiachi kibakuli kibichi. Kaka yangu hata udongo wake haujashuka."

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, karibu na mlango, mikono nyuma. Neno moja tu lilitakiwa. Kibakuli kilikuwa kibichi, gundi ilikuwa laini, kwa kidole tu ningekibandua kile kibanzi mbele ya macho yao. Bibi akaniangalia. Nikatazama sakafu.

Habari ilifika kisimani kabla yangu. Nilipokwenda kuteka maji wanawake walinyamaza, kisha mmoja akacheka, "Mpishe, mpishe, maji ya kuoshea hina hayo." Mwalimu wa chuo cha Kurani alipoulizwa alisema eda haivunjwi na hina, na aliyekosea hesabu yake iko kwa Mola wake. Lakini nani alimsikiliza? Waliokuwa wakija na bakuli la uji wakaacha. Waliokuwa wakija kusuka ukili wakaacha. Nyumba ikawa kimya mpaka nikatamani hata makelele ya Wifi. Bibi hakuniuliza kitu. Akarudia kulifuta gitaa yeye mwenyewe kila asubuhi, nami namtazama.

Baba mdogo alipokuja kumtembelea mama yake, zilikuwa zimepita wiki mbili. Wifi naye akaja, na wale wanawake wake wawili, kumsomea mashtaka. Nikamwona bibi amekaa pembeni ya mkeka, kwake mwenyewe, kama mgeni asiyekaribishwa. Nikashindwa. Nikasema, "Hina nilipaka mimi. Nilivunja gitaa nikaliziba."

Baba mdogo akaruka. Fimbo niliyoiogopa hata hakuikumbuka. Alitaka niwe nasema kweli, rafiki yangu, alitaka kuliko mimi. Akaliteremsha gitaa, akalipeleka dirishani.

"Wapi? Nionyeshe, mwanangu."

"Hapa."

Akapitisha kidole. Akapumulia, akafuta, akainamisha huku na huku. "Wapi?"

"Hapa, baba! Na hapa!"

Wifi akaangalia. Wale wanawake wakaangalia. Mbao ilikuwa moja, nzima, kuukuu, na mikwaruzo ya babu inapita juu yake kama kawaida. Nikaona uso wa baba mdogo unazimika kidogo kidogo. Akamtazama mama yake, kisha akatazama pembeni, kama mtu aliyeona kitu cha aibu.

"Mtoto kafundishwa," Wifi akasema. "Maskini, hata uongo wenyewe haujui."

Nikachukua kisu cha jikoni ili nikibandue. Wifi akapiga ukelele. "Sasa mnakata gitaa la kaka yangu kufunika fedheha?" Baba mdogo akanishika kifundo. Nikalia, nikajitupa chini, nikaapa kwa Mungu. Bibi ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Acheni. Lisikatwe." Kisha akalichukua, akalirudisha ukutani. Nilikiona kidole gumba chake kimepita pale penyewe, kikasimama, kikapita tena.

Asubuhi tulikuwa jikoni, mimi nakuna nazi, yeye anapeta mchele. Akasema bila kuniangalia, "Nimekiona kibanzi chako. Kimekaa vizuri."

"Kwa nini hukuwaambia?"

"Ningewaambia mimi, nani angeniamini? Na lingekatwa. Limevunjika mara moja, yatosha." Akapeta kidogo. "Una mkono mzuri, mjukuu wangu. Tatizo ulikawia kusema."

Nimesifiwa na watu wengi tangu siku ile, wengine wakubwa. Hakuna sifa iliyonielemea kama hiyo.

Pale kwetu siku ya kutoka eda ilikuwa kama harusi ndogo. Wanawake wanakuja na udi na asumini, wanamkogesha mjane, wanampaka hina, wanamshika mkono kumvusha kizingiti. Bibi aliamka alfajiri, akaoga peke yake, akavaa doti mpya. Tulipika sufuria mbili za pilau. Mlango wa mbele ukafunguliwa mbao zote mbili, kwa mara ya kwanza toka babu atolewe. Akaja mke wa seremala. Akaja ajuza mmoja asiyesikia, nadhani habari hazikumfikia. Basi. Bibi akakaa barazani. Kila kanga ikitokeza njiani ananyanyuka kidogo, inapita, anakaa.

Leo ukienda Moa hutaiona nyumba ile. Udongo uliporomoka, kiwanja kina fremu za maduka, bodaboda wanaegesha pale ulipokuwa ua. Gitaa baba mdogo alilichukua Mombasa, likapotelea mikononi mwa watu. Wifi kafa, na waliokuwa kisimani wamekufa, na kisima kimefukiwa. Siku hizi mjane anakaa eda na simu yake mkononi, hakuna anayekuja kumkagua kucha, wala hakuna anayekuja kumpikia uji. Wale wanawake niliwachukia sana. Sasa naona mtaa uliojua kukususa ulikuwa pia mtaa unaojua kuwa upo. Nimebaki mimi peke yangu ninayejua kwamba mikono ya bibi ilikuwa safi, na hakuna hata mmoja aliyebaki wa kumwambia akastuka.

Alasiri ile, jua limeshaondoka barazani, bibi aliingia ndani, akapakua sinia zima, sinia la watu sita, akaniwekea mbele.

"Kula, mjukuu wangu. Wali haujamkosea mtu."

Akakaa kando yangu na kipepeo cha ukili, akawa ananifukuzia inzi. Nikala. Nilishiba, nikaendelea kula, tumbo likauma, nikaendelea, kwa sababu alikuwa ananitazama, na sikujua njia nyingine ya kumwomba radhi.