Nilichanganya Dawa ya Damu na Serum, Nikanyamaza

Nilikosa. Sitatafuta maneno ya kujisafisha. Ninawaambia kwa sababu nimechoka kuogopa peke yangu.

Niko muuguzi katika lopitali moja hapa Bunia. Kwetu ni watu wa ng'ombe. Majeruhi wengi wanatoka Djugu, kwa watu wa mashamba. Tangu vita kati yetu na wao irudie, watu wanauliza jina lako la ukoo kabla ya kukutazama usoni.

Dokta wetu alisoma mbali. Alirudia na dawa mupya ya kusimamisha damu, tukaruhusiwa kuijaribu. Inaitwa peptidi, vipande vidogo sana vya protini. Alinieleza kwamba ndani ya maji safi vinatulia tu, lakini vikigusa chumvi ya damu vinajipanga vyenyewe, vinashikana, vinafanya wavu ambao jicho haliwezi kuona. Wavu ule unaganda juu ya kidonda na kukifunga.

Aliniambia, "Changanya na maji safi tu. Usitie serum, yale maji ya dripu, iko na chumvi. Itaganda ndani ya sindano."

Nilielewa vizuri. Hiyo ndiyo inaniuma.

Siku moja mchana risasi zililia upande wa barabara ya Djugu. Watu wa kambi ya wakimbizi walileta mama mumoja wa watu wa mashamba, aliyepigwa risasi tumboni. Ini lake lilikuwa linavuja damu polepole. Uani watu walikuwa wanasema waliomupiga wako nyuma yao, wanakuja. Vioo vya madirisha vilitetemeka, nikawa ninatazama mulango. Chupa ya maji na chupa ya serum zilikuwa karibu karibu. Nikachukua serum.

Niliona dawa inaganda ndani ya sindano. Nikajua. Kwa woga nikamupa dokta vile vile.

Ilitoka mabonge mabonge, haikushika kitu. Dokta akajaza kompresi, vitambaa vya kuzuia damu, akafunga tumbo. Jioni yule mama akafa.

Dokta aliketi kwenye korido na kusema dawa ile imetudanganya, inaganda hata na maji safi, hataigusa tena. Pale ndipo ningesema. Lakini kaka za marehemu walikuwa mulangoni, wanauliza nani alikuwa ndani na ni wa kabila gani. Nikawaza, nikisema nimekosea, nani ataamini ni kosa? Watasema nimemuua kwa makusudi. Watachoma nyumba yetu, na mama yangu iko ndani, hawezi hata kutembea. Mungu wangu, niliogopa! Nikafunga kinywa.

Baadaye wakaleta mulimaji wa Bule, kule Djugu. Alikuwa amerudia kuvuna maharagi yake, wenye bunduki wakamupiga risasi. Ini tena. Damu ilikuwa inavuja vile vile, polepole, ile ambayo dawa ilitengenezwa kwa ajili yake. Chupa zilizobaki za dawa ile zilikuwa kwenye frigo, nzima kabisa.

Nikasema kwa sauti ndogo, "Dokta, tujaribu ile dawa."

Hakuinua kichwa. "Ile ilikwisha kuua mutu mumoja."

Neno lilikuwa fupi tu: ni mimi. Likakataa kutoka. Nilisimama na kompresi mukononi mpaka yule mwanaume akaisha pumzi. Muke wake alinishika mikono na kunishukuru kwa kubaki na bwana wake. Aliniita dada.

Sikuweza kubeba ile shukrani. Nilimufuata dokta ofisini nikamwambia yote. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Ungeniambia siku ile, ningekukasirikia," alisema. "Halafu huyu wa Bule ningemutilia dawa."

Aliwaeleza wakubwa, wakanitoa kwenye chumba cha upasuaji. Sasa dawa inatumika tena, na nimesikia kuna walioenda nyumbani na miguu yao. Siye wengine tunafunga vidonda vidogo.

Lakini familia zile mbili hazijui. Motokari ikisimama mbele ya nyumba yetu, ninaenda kusimama mbele ya kitanda cha mama.

Weye unayeshika maisha ya watu, ukikosea, sema kabla sindano haijatoka mukononi mwako. Ikishatoka, sema mara moja, hata kama nje kuna bunduki. Usingoje woga uishe. Wangu haujaisha.

Muke wa yule mutu wa Bule anauza sombe, majani ya muhogo, sokoni siku hizi. Juzi aliniongezea fungu moja bure, akaniuliza mbona ninalia.