Baiskeli Iliyokwenda Baharini Peke Yake

Tangu mumewe Henning apoteze kumbukumbu, Heidelore Wittkopp alikuwa na safari moja tu duniani: nyumba ya wazee ya Karstorf. Kila Jumamosi alipanda treni na baiskeli yake, kwani kutoka kituoni hadi kule ni mashamba matupu, na basi mwisho wa wiki hakuna. Ilimbidi awahi chakula cha mchana. Siku hiyo Henning hafungui kinywa kwa mtu mwingine. Asipofika yeye, sahani hurudi jikoni kama ilivyokuja, na mzee alishabaki ngozi na mifupa.

Mtihani wake ulikuwa majira ya joto, maana treni hiyo hiyo ndiyo ipelekayo watu baharini. Jumamosi hii behewa la baiskeli, ambalo siku zote huwa nyuma, lilikuja mbele, na kipaza sauti kikatangaza hilo treni ikiwa imekwishasimama. Heidelore akakimbia jukwaa zima akisukuma baiskeli na kumwomba Mungu amzuie kondakta asipige filimbi. Akawahi.

Katika kituo kilichofuata kikapanda kikundi cha wastaafu na baiskeli nzito za umeme. Desturi inajulikana: anayeingia huuliza wenzake wanashuka wapi, ili baiskeli ya anayeshuka karibu ikae upande wa nje. Hawa hawakuuliza. Waliirundikia tu ya Heidelore baiskeli zao.

"Jamani, mimi nashuka Karstorf!"

"Karstorf?" akacheka kiongozi wao, Volkmar. "Kuna nini kule zaidi ya ng'ombe?"

"Kuna mume wangu."

"Kumbe! Naye anakamuliwa?"

Behewa zima likaangua kicheko. "Usijali, mama, tutakupisha," akasema Volkmar. Heidelore akakaa.

Karstorf ilipokaribia, akainuka kuvuta baiskeli yake. Haikutoka. Walikuwa wamepitisha mnyororo mrefu wa kufuli katika magurudumu yote, na la kwake pia.

"Ufunguo uko wapi?"

"Anao Volkmar."

"Na Volkmar?"

"Chooni."

Akaugonga mlango wa choo kwa ngumi. "Baba, nifungulie baiskeli, nashuka!"

"Mama, hapa nilipo siwezi kusimama!"

Treni ikasimama. Kondakta akachungulia. "Treni haingojei choo, bibi. Shuka au kaa."

Kukaa ni kufika mbali na kungoja treni ya kurudi hadi jioni. Akashuka mikono mitupu.

"Na baiskeli yako je?" akapiga kelele mmoja dirishani.

"Ipelekeni ikaoge!"

Akatembea kati ya mashamba ya ngano, jua utosini, viatu vikimchubua. Alijaribu kukariri zaburi ili moyo utulie, lakini kila alipofika mstari wa pili alikumbuka kile choo, hasira ikapanda upya. Alimwomba Mungu msamaha, kisha akakasirika tena.

Alipofika, sahani zilikuwa zinakusanywa. "Amekataa, mama," akasema muuguzi Silke. "Nimembembeleza mpaka basi."

Viazi vilikuwa vimepoa. Heidelore hakufuta hata jasho, akashika kijiko. "Henning, fungua."

Mzee alimtazama kama anayemtazama mgeni. Kisha akafungua.

Heidelore, bado na hasira zake za treni, akapeleka kijiko kwa nguvu mno, kiazi kikamwangukia mzee kifuani. Akakiokota, akachota kingine.